Tulipotafuta Mahali pa Kuwapeleka Watoto

Wazazi kadha wa kadha wa hapa Kasulu, na wengine walioko Kibondo, wametuuliza ni mahali gani pafaapo kuwapeleka watoto wakati wa likizo, ili wafurahi na kujifunza, ikiwa nyumbani mmoja amekwisha ota ndevu na mwingine angali akibebwa mgongoni. Swali hilo si dogo kama lionekanavyo. Twalijibu kwa kueleza tulivyofanya sisi wenyewe, baba na mama wa nyumba hii, mwezi wa Desemba uliopita. Watoto tulio nao ni watano. Kifungua mimba ni kijana wa miaka 16, wa pili ni binti wa miaka 12, wa tatu ni mtoto wa ndugu yetu wa Kibondo ambaye twakaa naye, naye ana miaka 9. Wa nne ana miaka 5, na kitinda mimba hajatimiza miwili. Tena yupo bibi yao, ambaye hesabu ya miaka yake aijua Mungu.

Kwanza hatuna budi kusema neno juu ya wale wadhanio ya kuwa kutembea kwa furaha ni anasa isiyowapasa Wakristo. Wazee wetu wa Buha walisafiri sana, lakini ni nani aliyesafiri na watoto wake? Babu wa watoto hawa alishuka Kigoma kwa miguu, akapanda gari la moshi kwenda kukata mkonge Tanga, kama walivyofanya maelfu ya wenzake. Chama cha wenye mashamba kilichoitwa SILABU, kilichoanzishwa mwaka 1944, kilikuja kuandikisha watu mpaka huku milimani kwetu. Mzee yule aliona bahari, akaona miji, akarudi na blanketi na baiskeli. Walakini mkewe na watoto hawakuona kitu ila mgongo wake alipokwenda. Basi sisi tuwezao kushuka ziwani pamoja na watoto, wala hatukuandikishwa na mtu, twaona si dhambi kufanya hivyo. Ni shukrani.

Tulipowauliza watoto watakako kwenda, kila mmoja alikuwa na lake. Binti alikuwa amesikia habari za bustani ya michezo ya maji iliyoko Kunduchi, Dar es Salaam, ambako watu huteleza ndani ya mabomba makubwa mpaka wakaangukia birikani. Twalikataa jambo hilo upesi, maana kutoka Kigoma kwenda Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, nasi tu watu wanane. Lakini tuliongea naye kwa kirefu juu ya bustani za namna hiyo, kwa sababu zina fundisho kwa mzazi. Katika bustani hizo, hapa kwetu na ng'ambo, mtoto hupimwa kimo kabla ya kuingia katika michezo mikubwa. Asiyefika alama husimama nje, na mzazi mmoja husimama naye. Bwana Walt Disney wa Marekani, aliyefungua bustani yake kubwa kule California mwaka 1955, alikuwa akisimulia kwamba wazo lile lilimjia akiwa ameketi benchini, akiwatazama binti zake wawili wakizungushwa juu ya farasi wa mbao. Wao walicheza, yeye alikaa. Akajiuliza kwa nini hapana mahali ambapo wazazi na watoto waweza kufurahi pamoja. Twaona aliuliza swali jema. Mahali ambapo nusu ya jamaa hucheza na nusu hulinda viatu, hapo jamaa haikutembea pamoja, ingawa ilipanda gari moja.

Kifungua mimba hakutaka Dar es Salaam. Yeye alitaka Gombe. Hapa ndipo shauri lilipokuwa gumu, maana tulimwona ana haki. Amekwisha fanya mtihani wa kidato cha nne, na akijaliwa nafasi atakwenda shule ya mbali. Huenda hii ndiyo likizo yake ya mwisho akiwa mtoto wa nyumbani. Wageni hutoka Ulaya na Marekani kuja kuwaona sokwe wa Gombe, naye amezaliwa karibu nao hivi wala hajawaona.

Watu wengi hudhani ya kuwa Gombe ni mahali pa kumpeleka mtu ye yote. Si hivyo. Hifadhi ile, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, haina barabara ya motokaa. Mtu hupanda mashua Kigoma au Kibirizi, akaenda kaskazini kwa njia ya ziwa, kisha hupanda milima kwa miguu. Na kwa kanuni, mtoto asiyetimiza miaka 15 haruhusiwi kuwafuata sokwe msituni. Wazazi wengine huliona jambo hili kuwa la kuwanyima watoto. Na wasikie sababu zake. Sokwe huambukizwa maradhi yetu: mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwashika sokwe wa Gombe, wengine wakafa na wengine wakalemaa, kwa hiyo hata mtu mzima mwenye mafua hupaswa kubaki nyuma. Ni mtoto gani mdogo asiye na mafua? Tena sokwe ni mnyama mwenye nguvu ambaye huwinda na kula nyama. Bi Jane Goodall, aliyefika Gombe mwezi wa Julai 1960 akaitangaza duniani kote, aliyefariki mwaka 2025, alimzaa mwana mwaka 1967. Na alipokuwa naye Gombe alimtengenezea chumba cha wavu wa chuma ili sokwe wasimfikie. Yeye aliyewajua kwa majina aliwaogopa kwa ajili ya mtoto wake. Na mwaka 2002 sokwe mmoja alimnyakua mtoto mchanga ndani ya hifadhi ile, akamwua. Tuliposoma hayo, mama wa watoto alimvuta kitinda mimba karibu na kifua, wala hatukusema tena habari ya kwenda Gombe wote wanane.

Liko jambo lingine la habari ya Bi Goodall ambalo kijana wetu alilipenda. Alipokuja, alikuwa na miaka 26, na wenye serikali wa wakati ule hawakukubali akae msituni peke yake. Basi alifuatana na mama yake. Kijana akasema, "Na mimi nitafutieni mtu wa kufuatana naye."

Maneno yale yalimwudhi binti wa miaka 12. Twayaandika aliyotuambia, maana tangu siku ile hatujapata jibu lake: "Nikitumwa maji mimi ni mkubwa, nikibaki na mtoto mimi ni mkubwa, lakini kwenda kutembea mimi ni mdogo." Mtoto wa katikati hupimwa kwa vijiti viwili. Tulimweleza ya kwamba katika hifadhi ya Mahale, iliyoko kusini ya Kigoma na iliyoanzishwa mwaka 1985, umri wa kuwaona sokwe ni miaka 12, kwa hiyo huko amekwisha kuwa mkubwa. Akafurahi. Kisha tukamweleza urefu wa safari ile ya majini na gharama zake, akanyamaza. (Na mwandishi mmoja wa habari hizi, ambaye ni baba, alikuwa na tamaa yake pia, ya kwenda Moyowosi kule mashariki ya Kibondo, kumtazama yule ndege mkubwa mwenye domo kama kiatu. Mabwawa yale ya Malagarasi na Muyovozi yaliandikwa mwaka 2000 katika orodha ya dunia ya ardhi oevu zenye thamani. Lakini ni nchi ya majimaji na mbung'o, na mama wa watoto aliuliza swali moja tu: kitinda mimba atalala wapi? Likaisha hilo.)

Jioni ile katika sala ya nyumbani ilikuwa zamu ya kusoma habari za Yakobo na Esau walipokutana. Esau alikuwa na watu 400, akataka wafuatane mwendo mmoja. Yakobo alimwomba atangulie, kwa kuwa watoto wake walikuwa wachanga na wanyama walikuwa wakinyonyesha. Yeye atakwenda polepole kwa kadiri ya miguu yao. Bibi aliposikia akasema ya kuwa Yakobo alikuwa mchungaji kweli kweli, maana ajua kundi halipimwi kwa dume la mbele. Kijana akajibu, kwa adabu, "Ndiyo, Bibi, lakini Yakobo hakumzuia Esau asiende." Twakiri kwamba jibu hilo lilitupendeza.

Basi tukakata shauri kwa namna mbili. Jamaa yote itashuka Kigoma na Ujiji siku mbili, mwendo wa kitinda mimba. Na siku ya tatu kijana atakwenda Gombe na mjomba wake, sisi wengine tukirudi Kasulu. Fedha za maharage zilitosha safari ya kwanza tu. Ya pili tuliipata kwa kuacha nguo mpya za Krismasi, na jambo hilo tuliwauliza watoto wote, hata wa miaka 5, kabla ya kulitenda. Jirani mmoja alituambia ya kuwa tumempendelea mmoja. Yawezekana aliona hivyo. Sisi twaona ya kwamba kuwapa wote sawasawa kile ambacho mmoja tu aweza kukitumia si usawa, na kumnyima aliye tayari kwa sababu wengine hawajawa tayari si usawa vile vile.

Sasa habari za Ujiji, kwa ajili yao watakaopenda kwenda. Njia ni ya lami, kilomita 63 kutoka Kasulu mpaka Kidahwe, kisha mwendo mfupi. Watu wa milimani wajue ya kuwa ziwani kuna joto. Wapunguze masweta, waongeze maji ya kunywa. Tulianza na stesheni ya Kigoma, jumba waliloacha Wajerumani, ambao reli yao ilifika hapo mwaka 1914. Gari lenyewe halikuwapo siku ile. Lakini mtoto wa Kibondo, ambaye hajapata kuona reli maishani mwake, aliinama akaweka kiganja juu ya chuma, akauliza kama ni hicho hicho kilichomchukua babu. Bibi akasema ndicho. Akasimama pale kitambo, wala hatukumharakisha.

Ujiji penyewe kuna nyumba ya kumbukumbu ya Daktari Livingstone, mahali alipokutana na Stanley mwezi wa Novemba 1871, chini ya mwembe. Mwembe wa asili ulikwisha kufa. Iliyopo imetokana nao. Zimo sanamu za wale wawili wakisalimiana, kubwa kuliko watu, na mtoto wa miaka 5 alizisalimu kwa heshima zote akangoja waitikie. Wakubwa walikuwa na maswali mengine. Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo, njia ya pembe na ya watumwa, na mzazi hana budi kufikiri kabla hajafika ni maneno gani atawaambia watoto wa umri gani. Wadogo tuliwaambia ya kuwa watu waliibwa makwao. Wakubwa tuliwaambia zaidi, pamoja na habari za Chuma na Susi, Waafrika wawili walioongoza kuuchukua mwili wa Livingstone alipofariki mwaka 1873, zaidi ya maili 1,000 mpaka pwani. Binti akauliza kwa nini sanamu ni za Wazungu wawili tu. Hilo nalo twawaletea ninyi kama lilivyo.

Baadaye tulishuka ufukoni, ambako mafundi huunda mashua kwa mbao. Hapo kila umri ulipata kazi yake: kijana alishikishwa randa na fundi mmoja mwema, mtoto wa Kibondo akakusanya vumbi la mbao mfukoni, bibi akanunua mgebuka akachagua mwenyewe kwa kufungua mashavu ya samaki, na wadogo wakachezea mchanga. Lakini sikieni, wazazi wa milimani: watoto wetu hawajui kuogelea, na Tanganyika ina kina cha mita 1,470, ambalo hakuna ziwa la kulipita duniani ila Baikal. Mbele ya maji yale tuliweka kanuni: kila mkubwa ashike mkono wa mdogo mmoja, na hapana mtu kuingia kupita magoti. Kijana alimshika kitinda mimba saa nzima. Alichoka, akatutazama, wala hakumwachia.

Asubuhi ya tatu, giza halijaondoka, tuliwasindikiza kijana na mjomba wake mpaka Kibirizi. Mashua ilijaa watu, magunia na kuku. Siku mbili baadaye alirudi Kasulu akiwa amekwaruzwa miguu na miiba, akatusimulia mpaka usiku wa manane. Alikuwa ametembea saa tano asione sokwe, akakata tamaa. Ndipo akamwona jike mmoja ameketi na mtoto wake, akichokoa mchwa kwa unyasi, na yule mtoto akimwigiza kwa unyasi mfupi asipate kitu. Hakupiga picha. Alisema mikono yake ilisahau.

Binti alisikiliza yote bila kusema neno. Kesho yake tuliona ameandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni mwaka atakaotimiza miaka 15. Bibi amemwambia ya kuwa, Mungu akimjalia uzima, atamsindikiza mpaka Kibirizi, naye atanunua mgebuka akimngoja.