Majina Nyuma ya Picha: Kumbukumbu za Familia Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar

Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Sayyid Barghash, ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, Zanzibar iliomboleza roho zilizopotea na jengo ambalo kila mpita Forodhani alilizoea. Hata hivyo, upo uporomokaji mwingine usio na kishindo, unaotokea ndani ya nyumba za Mji Mkongwe kila masika, pale picha na karatasi za familia zinapopata unyevu, zikagandana, na mwishowe zikatupwa pamoja na takataka.

Karatasi hizo zilikuwa na mahali pake na mlezi wake. Shajara, yaani maandishi yanayoonyesha ukoo kwa kufuatanisha mtu na baba yake na babu yake, ilikaa pamoja na hati za ndoa, barua za ng'ambo na hati za wakfu, ambayo ni mali iliyofungwa isiuzwe ili manufaa yake yafikie kizazi au msikiti. Vyote viliwekwa katika kasha la mbao lenye nakshi za misumari ya shaba, ambalo kila lilipofunguliwa lilitoa harufu ya udi iliyoingia hadi kwenye nyuzi za karatasi, na aliyeshika ufunguo wake mara nyingi alikuwa bibi wa nyumba, ambaye hata kama hakuandika neno, aliwajua wote waliotajwa humo kwa majina na kwa lakabu.

Picha ziliingia katika kasha hilo baadaye. A. C. Gomes, mpiga picha mwenye asili ya Goa, alikuwa na studio Zanzibar tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, ambayo mwanawe, Rohit Oza, aliirithi. Miaka hiyo inafaa kutajwa, ingawa studio haikumbukwi kwa miaka, bali kwa utaratibu wake. Kwenda kupigwa picha kulikuwa shughuli ya siku nzima: kanzu ilipigwa pasi, kofia ya kushona ilitolewa, watoto walipakwa mafuta, na familia ilipangwa mbele ya pazia, mkubwa akiketi na wadogo wakisimama, kila mmoja akizuia pumzi hadi mpiga picha aliporidhika. Nyuma ya studio kilikuwapo chumba cha giza, mahali ambapo karatasi ilizamishwa katika dawa ya kuitoa sura, kisha katika maji yenye asidi ya siki ya kuizuia isizidi kuiva, na mwisho katika dawa ya kuidumisha, hivi kwamba harufu ya siki ilikuwa ishara kwamba sura ya mtu inazaliwa. Picha ilipokabidhiwa ilikuwa na kingo za menomeno, na nyuma yake mwenyewe aliandika jina, tarehe na neno la ukumbusho kwa ndugu aliyekuwa akipelekewa.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 albamu nyingi ziliwafuata wenyewe hadi Muscat, Dubai na London, na nusu ya ukoo ikabaki katika kasha moja huku nusu nyingine ikiwa ng'ambo. Zikaja picha za rangi, ambazo rangi zake hupauka upesi kuliko madini ya fedha yaliyojenga picha nyeusi na nyeupe, na albamu za kurasa zenye gundi, ambazo zimeharibu picha nyingi. Sasa kuna simu, zenye maelfu ya picha zisizo na jina hata moja. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 kwa ajili ya mawe na milango yake, lakini kijana aliyezaliwa humo hushika picha ya mama wa bibi yake asijue ni nani, na hilo ni jambo la kusikitisha kuliko ufa wa ukuta.

Huko Lamu, miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha za kidijitali kwa msaada wa programu ya Maktaba ya Uingereza, kwa kuwa msikiti una jamaa wa kuutetea. Kasha la familia halina mtetezi isipokuwa wale wa nyumbani wanaojitolea, na kazi yao haihitaji mitambo mikubwa. Picha husafishwa kwa brashi laini, hunakiliwa kabla ya kurudishwa kwa mwenyewe, na jina huandikwa nyuma kwa penseli laini, kwa sababu wino hupenya. Filamu za zamani za asetati hukaguliwa kwa pua: zikinuka siki, zimeanza kuoza kwa joto na unyevu, na harufu ile iliyokuwa ya kuzaliwa imekuwa ya kufa, hivyo hutengwa na nyingine na kunakiliwa kwanza.

Kazi iliyo ngumu ni kuketi na mzee, kumwonyesha picha moja moja, na kuandika anayoyasema, maana picha iliyofifia hubaki ya mtu wake, lakini picha iliyopoteza jina ni ya mgeni hata ikiwa safi. Karatasi inaweza kungoja masika ijayo. Mzee anayeyajua majina hangoji. Aliye na kasha nyumbani na alifungue leo, mzee angali yupo.