Doa la Kisigino
Doa lenyewe lilikuwa dogo kama punje ya mtama, jeusi, kwenye kisigino cha nyanya. "Aa, ni mwiba tu, mjukuu wangu!" Nasi tukaamini, maana halikumuuma hata kidogo. Zahanati wakampa mafuta ya kupaka. Mwaka ukapita, doa likapanuka, kingo zikapindapinda. Ndipo daktari mmoja akakata kipande kikapimwe. Majibu: melanoma, saratani ya ngozi. Kumbe kwetu sisi watu weusi hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha! Hata kidole cha Bob Marley kilidhaniwa jeraha la kandanda. Ikagunduliwa 1977, akafariki 1981. Nyanya alipasuliwa. Sasa kila Jumamosi huniita, "Njoo unitazame nyayo." Natazama, kisha navua viatu vyangu.