Njia za Miguu za Great Missenden

Roald Dahl alifanya kazi Dar es Salaam kabla ya kuhamia Great Missenden. Alifika Tanganyika mwaka 1938 akiwa kijana wa kampuni ya mafuta ya Shell, akajifunza Kiswahili, na vita vilipoanza akaenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Mwaka 1954 alihamia kijiji hiki cha vilima vya Chiltern, nchini Uingereza, na vitabu vyake vya watoto akaviandika kwenye kibanda cha bustanini hadi alipofariki mwaka 1990. Kaburi lake liko kanisani, kilimani, na watoto hulifikia kwa kufuata nyayo kubwa za jitu zilizochorwa ardhini.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi, muuguzi aliyezaliwa Tanga, alihamia kijijini mwishoni mwa miaka ya 1990, na habari hii aliijua kabla hajajua duka la mikate liko wapi. Kila aliyesikia kwamba ametoka Tanzania alimsimulia upya. Swali la pili nalo lilikuwa lilelile: basi wewe ni mkimbiaji? Watu waliozoea kuwaona Wakenya wakitamba kwenye mbio za London hawakuona tofauti kati ya Eldoret na Tanga. Aliwaeleza kwamba kwao ni pwani, kuna joto, na mtu akikimbia barabarani huulizwa amefiwa na nani. Hata hivyo, zamu za usiku zilikuwa zikimwacha macho makavu asubuhi, na usingizi haukuja mpaka mwili uchoke. Akanunua viatu.

Kilichomshangaza kwanza ni ruhusa. Kwao mtu hukatiza shamba la mihogo la jirani kwa sababu kila mtu hukatiza, na mwenye shamba akiamua kupanda ua, njia inahama bila kesi. Hapa njia ilipita katikati ya ngano ya bwana asiyemjua hata kwa sura, na bwana huyo hakuwa na mamlaka ya kumrudisha. Sheria ya mwaka 1949 iliziagiza halmashauri za kaunti zichore ramani rasmi ya njia za umma, nayo mabaraza ya vijiji yakatuma watu wazipite na kuziandika. Njia ikishaingia kwenye ramani hiyo hubaki, hata shamba liuzwe mara ngapi. Sheria nyingine, ya mwaka 1990, inamtaka mkulima aliyelima juu ya njia inayokatiza shamba aitengeneze tena ndani ya siku 14, na upana wake usipungue mita moja. Ndiyo maana mwezi Mei ngano ikiwa imefika magotini huonekana mstari ulionyooka ukiigawa, na mwanamke wa Tanga anaweza kuufuata mbio bila kuomba radhi kwa mtu.

Alijipatia njia tatu. Fupi ilipita kanisani ikapanda kuelekea South Heath. Ya pili iliingia msitu wa Angling Spring na kutokea Prestwood, ikipita chini ya miti mirefu ya biichi yenye magome laini ya kijivu. Wanachama wa Chiltern Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1965, walikuwa wamepaka mishale myeupe kwenye mashina ili mgeni asipotee. Ndefu ilifuata bonde la mto Misbourne hadi Wendover, kisha ikapanda Coombe Hill, mita 260 juu ya usawa wa bahari, ambako mnara wa kumbukumbu ya askari waliokufa katika Vita vya Makaburu umesimama tangu mwaka 1904. Misbourne yenyewe ni mto wa ajabu kidogo: kuna miaka hukauka kabisa sehemu za juu, halafu maji ya chini ya miamba yakipanda hutokea tena. Udongo wa vilima hivi ni chaki iliyochanganyika na mawe ya gumegume, na chaki ikilowa huteleza kama sabuni.

Siku hizo alibeba ramani ya Ordnance Survey, ile ya kipimo cha 1:25,000 yenye njia za miguu kwa vistari vya kijani, ameikunja ndani ya mfuko wa plastiki.

Februari 2001 njia zote zilifungwa. Ugonjwa wa miguu na midomo uliingia kwenye mifugo, na kabla haujaisha zaidi ya wanyama milioni 6 walikuwa wamechinjwa nchini. Halmashauri zilifunga njia hata mahali ambapo hapakuwa na ng'ombe mgonjwa; kila geti likapata utepe na tangazo. Mwandishi akalazimika kukimbia kwenye barabara nyembamba zinazopita kati ya nyua ndefu za miti, zisizo na pembeni pa mwenda kwa miguu, akibana mgongo kwenye miiba kila gari lilipopita.

Angani nako kulikuwa na mgeni. Mwewe wekundu walikuwa wametoweka England katika karne ya 19. Kati ya mwaka 1989 na 1994 wakaletwa ndege 90 hivi kutoka Hispania na kuachiwa Chiltern. Alipofika, watembezi bado walikuwa wakisimama na kuonyeshana kidole. Yeye alishindwa kuelewa furaha hiyo. Kwa mtu aliyekua akilinda vifaranga, mwewe ni wa kutupiwa mawe! Sasa wamezidi pea elfu moja katika vilima hivi na hakuna anayesimama, isipokuwa watalii.

Mabadiliko mengine yalikuja taratibu. Vingazi vya mbao vya kuvukia nyua, vilivyomkwaruza magoti miaka mingi, viliondolewa kimoja kimoja na wajitoleaji wa Chiltern Society wakaweka mageti. Miti ya ashi ilianza kukauka vilele baada ya kuvu iliyogunduliwa nchini mwaka 2012 kuenea, na ile iliyoinamia njia ikakatwa isije ikamwangukia mtu. Mishale myeupe ya mashinani ikawa ya wazee tu, kwa kuwa vijana hutazama saa ya mkononi. Programu ya Strava, iliyoanza mwaka 2009, huwaonyesha wakimbiaji wamepita wapi wenzao, nao hupita papo hapo. Matokeo yake ni kwamba njia chache zimepanuka zikawa tope tupu, na zilizoachwa hufunikwa na magugu ya kuwasha ifikapo Julai. Ramani haizilindi na hilo, zinahitaji miguu. Mwaka 2020, watu wa mijini walipogundua mashamba wakati wa Uviko, baadhi ya zilizozibwa zilifunguka kwa muda.

Na kuna njia za kale ambazo hazikuwahi kuandikwa. Sheria ya mwaka 2000 ilitoa muda hadi 1 Januari 2026 ziwe zimesajiliwa, la sivyo zipotee. Tarehe ikasogezwa hadi 2031, na Desemba 2024 serikali ikatangaza nia ya kuufuta kabisa ukomo huo. Wapo wazee wa vilimani waliotumia miaka ya kustaafu kwao kwenye makabati ya kumbukumbu wakitafuta ramani za zamani. Mwandishi anawaheshimu kuliko washindi wa marathoni.

Pigo kubwa lilitoka chini ya ardhi. Mwaka 2017 Bunge liliidhinisha reli ya mwendo kasi ya HS2, na mwaka 2021 mashine mbili zilianza kuchimba mahandaki ya kilomita 16 kupita chini ya Chiltern. Ya kwanza iliitwa Florence, kwa heshima ya Florence Nightingale, ambaye dada yake aliishi Claydon katika kaunti hiihii. Ya pili Cecilia, kwa Cecilia Payne wa Wendover, mwanasayansi aliyeonyesha kwamba nyota zimeundwa zaidi kwa haidrojeni. Muuguzi hawezi kununia jina la Florence. Lakini mashine hizo zilipotokeza, Februari na Machi 2024, zilitokeza South Heath, mwisho wa ile njia yake fupi, na kutoka hapo reli inakwenda Wendover juu ya ardhi. Mashamba yalikuwa yamechimbuliwa hadi chaki nyeupe. Njia zilizomshinda mkulima kwa zaidi ya miaka hamsini zilizungushiwa senyenge au kugeuzwa kwa waraka, maana aliyetoa haki ni Bunge, na aliyeichukua ni Bunge hilohilo.

Siku hizi anazunguka kwa njia ya mchepuko, ndefu zaidi, yenye vibao vipya na kokoto zilizoshindiliwa. Mama mmoja kijana aliyehamia kijijini baada ya kazi ya reli kuanza hukimbia naye Jumamosi. Alipoambiwa kwamba njia halisi ilipita upande wa pili wa uzio, alitazama saa yake, akasema njia ni hii hapa, imeandikwa, kisha akaongeza mwendo kwenye mteremko.