Katubuka: Milima ya Kongo Iko Wapi?

Mume wangu amekulia Katubuka, na tangu enzi za uchumba wimbo wake ulikuwa mmoja: "Nitakupeleka Kigoma uione milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa." Basi Agosti tukafunga safari. Jioni ya kwanza tukachukua bajaji hadi ufukweni Bangwe, tukaagiza migebuka, tukakaa mkao wa kula. Milima? Hakuna! Maji, halafu utusiutusi wa kahawia, basi. Mwenzangu akanuna kana kwamba nimemwita mwongo.

Kisha jua likaanza kuzama. Wacha wee! Jekundu, mviringo kama sinia. Nikamwegemea bega, nikasema haya ndiyo mahaba.

Kumbe tulikuwa tunatazama moshi. Kiangazi, nyika na mashamba huchomwa Kongo, Zambia na hata huku kwetu magharibi mwa Tanzania, na masizi huweza kuelea hewani siku kadhaa. Masizi ni meusi, kwa hiyo humeza mwanga. Chembe nyingine za moshi huutawanya, hasa ule wa bluu, na mwekundu hupenya zaidi. Jua likiwa chini, mwanga wake hupita kwenye hewa nyingi zaidi, ndiyo maana tulibakiwa na wekundu. Na milima, umbali wa kilomita kama 50, ikapotelea ndani ya mwanga huohuo uliotawanyika.

Tuliporudi nyumbani, mama mkwe alikuwa jikoni, maharage juu ya mafiga. Ukuta mweusi tii. Taa inawaka na bado giza, masizi yanaumeza mwanga kama kule angani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Usiingie, utatoka machozi."

Akakohoa. Yeye ndiye anayeshinda humo! Hapo lile jua jekundu likaanza kunitoka moyoni.

Tukamnunulia mtungi wa gesi. Mkakati wa taifa uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, lakini mama yeye anachemshia chai tu. Maharage, anasema, yatamaliza gesi bure. Na kwa bei ya kujaza mtungi, sikuwa na la kumbishia.

Novemba, mvua zilipokuwa zimeshaosha anga, akatupigia simu: milima imetoka. Mume wangu akanisogezea simu sikioni. "Haya, muulize mwenyewe kama mimi ni mwongo."