Motokaa Ikilia Penye Kona

Kwetu Mzinga, chini ya milima ya Uluguru, motokaa si pambo. Ndiyo inayoteremsha kabichi kutoka Mgeta, na ndiyo inayomfikisha mgonjwa Morogoro mjini usiku wa manane. Barabara ya Mgeta huachana na ile ya Iringa pale Sangasanga, hupita Mlali, kisha hupanda kona baada ya kona. Basi gari linalolia wakati wa kukata kona si jambo la kuahirisha, kwani mlimani hakuna njia isiyo na kona.

Wakati wa masika gari la mjomba wangu lilianza kulia hivyo. Njia ikinyooka, kimya. Akikata kona huku anakanyaga mafuta, yasikika huko mbele: kwa-kwa-kwa-kwa. Fundi mmoja alilisikiliza kwa dakika moja, akasema mtambo wote wa usukani umekufa, ununuliwe mwingine. Bei yake ilikaribia pesa yote ya mavuno. Mjomba akaanza kuhesabu noti.

Mimi nimefanya kazi ya gereji miaka mingi. Nikamwambia, “Mjomba, tusinunue dawa kabla ya kuujua ugonjwa.”

Akajibu, “Sawa, mpwa wangu. Lakini Jumamosi nina mzigo wa watu Nyandira, na dada yako siku zake za kujifungua zimekaribia. Gari hili lisilale.”

Hapo ndipo penye shida, ndugu msomaji. Haja humwambia mtu kwamba gari litafika tu. Lakini gari halijui haja zetu.

Kwanza tuliliacha limesimama, injini ikinguruma, nikazungusha usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia. Kama lingelia kwa kuvuma au kukoroma, ningetazama mafuta ya usukani na mkanda wa pampu yake. Kama lingegonga “ko!” mara moja, ningeshuku bolijointi, au vichwa vya vyuma vinavyosukuma magurudumu. Halikulia.

Pili tulikwenda kwenye uwanja tambarare usio na watoto. Mjomba akakata usukani wote, akazunguka polepole kama anayechora duara, nami nikasikiliza nje. Akizunguka kulia, kimya. Akizunguka kushoto, kwa-kwa-kwa, na kila alipoongeza mafuta mlio ulizidi na kuharakisha pamoja na gurudumu. Sauti hiyo kwa kawaida ni ya jointi ya ekseli ya mbele, na mara nyingi huwa ni ile ya upande wa nje wa kona. Beringi ya gurudumu haigongi namna hiyo. Hiyo huvuma hata njia ikinyooka, na mvumo hubadilika gari likiegemea upande mmoja.

Tatu, tulitazama kwa macho. Nyuma ya gurudumu la kulia, buti, yaani ule mpira wenye mikunjo unaofunika jointi, ulikuwa umepasuka. Grisi ilikuwa imerukia ndani ya rimu, nyeusi, imechanganyika na udongo. Usukani ulikuwa mzima kabisa.

Yafaa kujua kwa nini. Katika magari mengi ya zamani injini ilisukuma magurudumu ya nyuma, na ya mbele yalikuwa na kazi ya kugeuka tu. Citroën ya Ufaransa ya mwaka 1934 na Mini ya Uingereza ya mwaka 1959 ni kati ya magari yaliyoeneza mtindo wa kuvutwa na magurudumu ya mbele, na leo magari mengi madogo ni ya namna hiyo. Gurudumu la mbele sasa hapana budi livute na ligeuke kwa wakati mmoja. Kazi hiyo huwezeshwa na jointi ya gololi, kwa kawaida sita, zinazotembea katika mifereji ya chuma. Mhandisi Alfred Rzeppa aliibuni huko Marekani katika miaka ya 1920. Maisha yake yamo katika grisi, na grisi hutunzwa na buti. Buti likipasuka, grisi hutoka, matope na mchanga huingia, na gololi husaga mifereji yake. Jointi iliyolika sana yaweza kuvunjika, na gari likapoteza mvuto katikati ya mlima.

Mjomba alinyamaza, kisha akakodi gari la mwenziwe kwa mzigo wa Jumamosi, na kumwomba jirani akae tayari kwa ajili ya dada. Lake likalala siku mbili.

Tulilipandisha kwa jeki penye ardhi ngumu, tukaweka mawe kwenye magurudumu mengine na stendi imara chini ya bodi. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake! Tulifungua nati kubwa ya ekseli, tukaachanisha bolijointi, tukachomoa ekseli na kuosha jointi. Mifereji ilikuwa na mashimo. Jointi ya hivyo haiponi kwa grisi mpya, ikabidi tuweke nyingine, na buti lake, na grisi nyeusi ya jointi, na nati mpya iliyokazwa kwa kipimo chake. Gharama ilikuwa sehemu ndogo tu ya ile ya usukani.

Basi wenye magari wa vijijini, hasa msimu wa mvua, lala chali kila juma ukatazame mabuti ya mbele, gari likiwa limesimama chini kwa magurudumu yake yote manne. Ukikuta ufa na jointi bado haijalia, badili buti na grisi upesi, nawe utaokoa jointi. Ikiwa imeanza kulia, usipandishe abiria mlimani. Na fundi akikutajia kifaa cha kununua, mwombe kwanza akuonyeshe kwa kidole mahali palipoharibika.