Neno Linaloitwa Sokoni

Mimi natunza kompyuta za chama kimoja cha kuweka na kukopa. Kazi yangu mojawapo ni kuandika maneno ambayo mashine iyakatae mwanachama akiyachagua kuwa neno lake la siri.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson, huko Marekani, walichunguza maneno ya siri 3,289. Asilimia 86 yalikuwa mafupi mno, au yamo kwenye kamusi na orodha za majina. Mwaka 1988 mwanawe huyo Morris aliachia programu iliyoingia kompyuta za watu, na silaha yake mojawapo ilikuwa orodha ya maneno 432.

Orodha niliyoikuta kwetu ilikuwa ya Kiingereza tupu. Eti "password" marufuku, lakini "nakupenda", "mungu" na "simba" ruksa! Mwizi wetu atakuwa Mwingereza? Nikaongeza ya kwetu, na majina yaliyomo kwenye fomu ya mwanachama mwenyewe.

Juzi mama mmoja akawaka: "Mwanangu, hata jina la marehemu mwanangu mmelikataza?"

Nikameza mate. "Shikamoo mama. Samahani. Kwani sokoni wanakuitaje?"

Akanyamaza. Sokoni ni Mama Fulani, na Fulani ndiyo hilo jina, linaitwa kutwa nzima.

Akakaa kwenye benchi kitambo, kisha akaandika maneno manne yasiyohusiana. Mashine ikakubali. Mimi nilikuwa nimegeukia dirishani.