Lugha ya Darasa na Mfuko wa Fedha

Msomaji wangu, yapo maarifa ambayo hupatikana kwa taabu, yakapimwa na kuandikwa vizuri, kisha yakalala kabatini kama upanga uliosahauliwa alani mwake. Miongoni mwa hayo ni maarifa ya isimu tumizi, elimu ichunguzayo jinsi lugha inavyofanya kazi katika maisha ya watu, na hasa shuleni. Wataalamu wake huuliza: mtoto hujifunza vema kwa lugha gani? Jibu lao, aghalabu, ni ile aifahamuyo. Lakini kutoka jibu hilo hata darasani ni safari ndefu, na njiani wameketi watu wawili wasioepukika: mtunga sera na mtoa fedha. Fuatana nami hata Tanzania, nchi jirani, ambako safari hiyo imeanzwa zaidi ya mara moja na kukatika.

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali huko Tanzania Bara. Mtoto alisoma kwacho miaka saba. Alipoingia sekondari, hesabu, jiografia na sayansi zote zilimgeukia kwa Kiingereza. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza kwamba kuanzia mwaka 1985 Kiswahili kiingie sekondari pia. Mwaka 1983 serikali ilitangaza kwamba jambo hilo halitafanyika.

Hapo ndipo utafiti ulipoletwa. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walifika kutoka Uingereza wapime Kiingereza cha wanafunzi. Waliyoyakuta yalikuwa mazito. Katika kidato cha nne, mwisho kabisa wa masomo yale, ni kama mwanafunzi mmoja tu katika kila kumi aliyefikia kiwango ambacho mtu angetarajia masomo kwa Kiingereza yaanze. Yaanze, msomaji, si yamalizike! Ungedhani mwenye kuona hayo angesema, basi, lugha na ibadilishwe. Taarifa yao ilishauri kinyume: Kiingereza kibaki, na kitiliwe nguvu. Mwaka 1987 ukafuata mradi wa msaada wa Uingereza, ulioleta katika sekondari vitabu vya hadithi vya Kiingereza chepesi.

Sisemi kwamba wataalamu wale waliuficha ukweli. Takwimu zao zilikuwa wazi, nazo zimekuwa silaha mikononi mwa waliolipinga pendekezo lao. Nasema tu kwamba kipimo ni jambo moja na ushauri ni jambo jingine, na baina ya mambo hayo mawili kuna nafasi pana ya kupitisha mfuko wa fedha. Mfuko uliofunguka siku zile ulikuwa wa kukitia Kiingereza nguvu. Haukuwa wa kuchapisha kitabu cha fizikia kwa Kiswahili. Wala haikuwa kwamba Kiswahili hakikuwa na maneno. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia.

Watetezi hawakunyamaza. Mwaka 2002 wataalamu wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway waliungana katika utafiti uliojulikana kwa jina la LOITASA, uliolipiwa na fedha za Norway. Masomo yaleyale yalifundishwa kwa Kiswahili katika darasa moja na kwa Kiingereza katika jingine. Palipotumika Kiswahili wanafunzi waliuliza, wakabishana, wakajieleza; palipotumika Kiingereza wengi walikaa kimya. Mwalimu yeyote, hata wa huku kwetu, aujua ukimya huo. Ni wa mtoto mwenye jibu kifuani ambaye hana mlango wa kulitolea.

Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mmoja wa watafiti hao, aliona kwamba kuandikia wasomi wenzake hakutoshi. Alilieleza jambo hili kwa wananchi, na kiini cha hoja yake ni hiki: kufundisha Kiingereza vizuri ni kazi moja, na kufundisha masomo yote kwa Kiingereza ni kazi nyingine. Hoja hii ni ngumu kwa wazazi. Mzazi hutaka mwanawe apate kazi, na kazi huitwa kwa Kiingereza. Ukimwambia utafiti, yeye hukuonyesha tangazo la kazi. Simlaumu. Asiyemjibu mzazi huyo hajautetea utafiti wake bado.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014 ilisema Kiswahili kitatumika katika ngazi zote, na Kiingereza nacho kiendelee. Hata hivi leo, katika sekondari za huko, Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia.

Usidhani twacheka nyumba ya jirani ilhali yetu haivuji. Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza watoto wetu wa madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha ya mahali walipo. Nenda shule nyingi ukasikilize. Baina ya mwaka 2011 na 2014, katika mradi wa majaribio ulioitwa PRIMR, kusoma kulifundishwa katika baadhi ya shule kwa Kikamba na kwa Lubukusu pia. Ulipofika wakati wa kuieneza kazi hiyo nchini kote, mwaka 2015, kwa jina la Tusome, lugha zilizochukuliwa zilikuwa mbili: Kiingereza na Kiswahili. Fedha nyingi za kuianzisha zilitoka katika shirika la misaada la Marekani, USAID. Shirika hilo lilifungwa mwaka 2025, na swali la nani atalipia vitabu vijavyo, na kwa lugha zipi, sasa li katika bajeti yetu wenyewe.